Daftari Mbili Nukta Sifuri

Shaibu Mtopela amekufa, na mimi nimekula wali wa msiba wake. Naanza na hilo ili anayesoma ajue mapema kwamba sikuja kumsifu mtu. Alizikwa kwao Malolo, Ruangwa, siku ya Ijumaa. Nilitoka Nachingwea alfajiri na mgongo wangu huu mbovu, vumbi likanijaa mpaka kwenye kope, na wala si kwa mapenzi. Nilikwenda kuhakikisha. Wanawake tuliketi uani kwenye mikeka, wanaume walikuwa mbele chini ya turubai, na kipaza sauti kikawa kinatuletea yote yanayosemwa kule. Kaka yake mkubwa, Athumani, ndiye aliyesoma maisha ya marehemu: shule aliyosoma, chuo cha Dar es Salaam, watoto aliowaacha. Kisha akafika pale nilipokuwa namngojea. Akasoma kwamba marehemu ndiye aliyeuokoa mradi wa kompyuta za wakulima kule Nachingwea, mwaka ule programu ilipokwama na wataalamu wakashindwa, yeye akaligundua kosa. Mama mmoja pembeni yangu akasema, "Alikuwa na kichwa, maskini." Nikamwambia, "Kichwa alikuwa nacho. Hata kuku anacho." Akauvuta mkeka wake upande wa pili.

Wenzangu wakikumbuka maisha yao hukumbuka mwaka waliokuwa wasichana. Mimi mwaka ulionifanya niwe huyu niliye ulinikuta nina miaka hamsini na miwili, wajukuu wawili mgongoni na elimu yangu ya darasa la nne. Ni mwaka wa elfu mbili na sita. Nilikuwa mpishi wa chai na mfagiaji katika mradi ule, kwenye nyumba ya zamani ya enzi za Waingereza na mashamba yao ya karanga, kuta nene, dari juu sana, veranda ya waya wa mbu uliotoboka. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha bati. Ndani kulikuwa na ofisi ya mkuu wetu, Bwana Dismasi Nambunga, na chumba cha kompyuta tatu ambacho mapazia yake hayakufunguliwa kwa ajili ya vumbi jekundu. Unavua viatu mlangoni kama msikitini. Kazi ya mradi ilikuwa kuandika programu ya kuwaorodhesha wakulima wa korosho, vijiji vyote vya Nachingwea na Ruangwa, ili gari la salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, likija kila mtu apate mfuko wake kwa jina lake, asitokee mjanja akachukua mara tatu. Salfa haisubiri. Mkorosho ukishachanua bila kupuliziwa, mwaka wako umekwisha.

Walioandika programu walikuwa wawili. Shaibu, wa hapo hapo Malolo, lakini Dar es Salaam ilikuwa imemwingia mpaka kwenye namna ya kutembea. Na Mwanaidi Chilumba, msichana wa Lindi mjini, mwembamba, mkali, anayekunywa chai bila kuinua macho wala kusema asante. Waliandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Nilizikuta habari zake kwa kusikia tu, maana ukishika ufagio watu husema mbele yako kila kitu. Programu haijitoshelezi. Inaazima kazi kwenye programu nyingine ndogo ambazo watu wengine wamekwisha kuziandika, wao waliziita laibrari, kila moja imefungwa kwenye faili lake la jar. Niliona sawa. Mimi napika chapati lakini ngano sikusaga. Wakishaandika, wanabonyeza kitufe na kompyuta inayakusanya maandishi yao pamoja na laibrari zote, inayageuza yawe kitu kimoja kinachotembea. Hiyo ndiyo bildi. Maneno yanashuka kwenye kioo kama mchwa, na mwisho linatoka neno moja: imefaulu, au imefeli. Imefeli nilijifunza kuisoma kabla ya zote, kwa jinsi ilivyokuwa inatokea.

Laibrari zilitoka makao makuu ya mradi, Dar es Salaam. Mtandao wetu ulikuwa wa kupitia waya wa simu, na faili kubwa lilikatikia njiani kila lilipoanza, kwa hiyo zililetwa na mtu, kwenye flashi. Pamoja na flashi ilikuja karatasi ya orodha: jina la faili, namba ya vesheni, yaani toleo lake, na uzito wake kwa kilobaiti. Mmoja asome karatasi, mwingine atazame kwenye kompyuta, waone kama kilichotumwa ndicho kilichofika. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na Shaibu akaigeuza mchezo. Ananiita kutoka jikoni, mikono ina unga. "Maza, njoo utusomee habari." Ananipa ile karatasi, na mimi nasoma kama ninavyosoma, kwa kuvuta. "Daf-ta-ri, kistari, moja, nukta, nne." Anashika tumbo. "Endelea Maza, taarifa ya habari bado! Uzito?" "Mia mbili kumi na mbili." "Kinachofuata!" Hata Bwana Dismasi alikuwa anasogea mlangoni kutazama, na kucheka na meno yake ya dhahabu. Mwanaidi hakucheka, lakini hakusema waache. Alikuwa anatia alama za vyema kwa kalamu, basi. Siku moja niliwachemshia ming'oko, nimeichimbua mwenyewe porini Nambambo, nikaipanga kwenye sahani na chumvi pembeni. Shaibu akaishika kwa vidole viwili. "Maza, hii si mizizi? Mimi nimekuwa ngiri?" Mtoto wa Malolo huyo, aliyekuzwa na ming'oko. Sahani ikarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Sasa mimi, Mungu aliponinyima shule, alinipa jambo moja. Jina nikilisikia halitoki. Nawajua kwa majina wanawake wote niliocheza nao unyago, la utotoni na lile walilotoka nalo ndani, na kwetu jina la utotoni mwali akishatoka haliitwi tena, kumwita nalo ni kumtukana. Kwa hiyo mimi nabeba majina mawili mawili ya watu na natakiwa kujua lipi nilinyamazie. Kijiji cha Marambo peke yake kilikuwa na akina Issa Hamisi wanne na niliwatofautisha wote, wa kisimani, wa mguu, wa mama Tatu na yule mwizi. Basi zile laibrari waliponisomesha wakinicheka, ziliingia na zikakaa. Zipo mpaka leo. Daftari moja nukta nne, mia mbili kumi na mbili. Mizani sifuri nukta tisa, themanini na nane. Tarehe moja nukta moja, arobaini na moja. Chapisho tatu nukta mbili, mia tano na sita.

Mwezi wa tano Shaibu alitumwa Dar es Salaam kuleta daftari mpya, mbili nukta sifuri. Ile ya zamani iliweza kuandika jina la mkulima lakini haikujua kulinganisha majina yanayofanana, na hapo ndipo wale Issa Hamisi walipokuwa wanaisumbua. Kitabu cha maelezo cha hiyo mpya kilikwisha kuja kwa basi, Mwanaidi anakisoma mpaka anapokula. Shaibu alikaa wiki mbili. Akarudi siku ya Alhamisi, mchana, na viatu vipya. Mwanaidi alikuwa amekwenda kuswali, Bwana Dismasi yuko benki. Mimi nilikuwa chumba cha kompyuta, juu ya stuli, nafuta dirisha. Akachomeka flashi. Akatazama. Akachomoa, akachomeka tena, akasema neno la aibu. Akapekua mkoba mpaka akaumwaga wote mezani, chaji, shati, marashi. Akajaribu bildi, ikafeli palepale, inasema haioni faili, na namba niliiona: mbili nukta sifuri. Akajikuna kidevu. Kisha akafungua kabati la laibrari kwenye kioo, akaiendea daftari ya zamani, akalifuta jina lake nukta kwa nukta, moja nukta nne ikaondoka, akaandika mbili nukta sifuri. Akabonyeza. Ikafaulu. Akapiga mluzi na kusema, "Maza, chai basi, ya tangawizi." Hakuniomba nimfichie. Hakunitisha. Mtu huficha jambo kama anadhani kuna mtu chumbani.

Nilikuwa kungwi, nimefunda mabinti zaidi ya sitini. Nilichokiona pale nilikifahamu haraka kuliko ambavyo angekifahamu Bwana Dismasi: huyu amempa mtoto jina la mwali na wala hakumpeleka ndani. Ataitika akiitwa, lakini ukimwambia afanye kinachofundishwa huko ndani, hakijui. Ningeweza kusema siku ile ile. Mwanaidi aliporudi, maji ya udhu yangali yanamchuruzika, akauliza, "Imefika?" Shaibu akasema, "Si hiyo hapo, bildi imepita." Na karatasi ya orodha? "Wameisahau kuichapa, wale jamaa unawajua." Nikaweka chai mezani, nikatoka. Nilinyamaza kwa sababu ya ming'oko. Nilinyamaza kwa sababu ya taarifa ya habari. Nikajisemea, wasomi, haya someni.

Wiki moja mambo yakaenda, maana hakuna aliyekuwa ameiomba daftari ile kitu kipya. Mwanaidi alipomaliza kuandika sehemu yake ya kulinganisha majina, akabonyeza, ikafeli. Kompyuta inasema kazi anayoitaja haipo. Akafungua kitabu. Ipo, ukurasa wa thelathini na moja. Akatazama kabati. Daftari mbili nukta sifuri imekaa pale, jina limenyooka. Akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Alibadilisha herufi kubwa kuwa ndogo na ndogo kuwa kubwa. Alifuta yote yaliyokwisha kukusanywa na kuanza upya. Aliiondoa Java nzima kwenye kompyuta na kuirudisha. Imefeli. Mstari ule ule. Alikuwa anakula kiazi kimoja kwa siku, midomo imemkauka, na Shaibu nyuma yake anamwambia, "Mwanaidi, labda hujaelewa kitabu, ni Kizungu kigumu." Nilikuwa naingia na birika, natoka na birika, nafurahi. Siwezi kuandika vingine. Nilikuwa nafurahi.

Halafu ikawa zamu yangu. Jumanne moja nilichomoa waya nikidhani ni wa birika la umeme, kumbe wa kompyuta ya Mwanaidi. Ikazima puu. Ilipowashwa ikalalamika sana, ikajipima nusu saa, ikasimama. Kazi yake ya asubuhi ile ilipotea, hilo ni kosa langu na nilimwomba radhi, hakuitikia. Lakini bildi ilikuwa inafeli tangu wiki iliyopita. Shaibu akapaona mahali pa kutokea. Nikamsikia kupitia ukuta akimwambia Bwana Dismasi, "Bosi, kosa si maandishi ya Mwanaidi. Yule maza anachomoachomoa nyaya kila siku, diski imeharibika, laibrari zimeoza ndani. Hapo hata aje Mzungu." Na Dar es Salaam walikuwa wanapiga simu asubuhi na jioni, gari la salfa limeshapakiwa, kwa hiyo Bwana Dismasi alihitaji jina la mtu. Langu lilikuwa karibu.

Ijumaa akaniita chumba cha kompyuta, mbele ya wote wawili. Barua ilikuwa imechapwa. Akanisomea: mimi, Mama Somoe, nakiri kuharibu mali ya mradi kwa uzembe na naacha kazi kwa hiari yangu. "Weka sahihi hapa mama yangu, mambo yaishe kistaarabu." Nachingwea ya wakati ule ofisi zenye kuajiri mtu kama mimi zilikuwa nne, na wakuu wake walikula nyama choma meza moja. Nikiweka sahihi nimekwisha, sifagii popote tena, na wajukuu wangu watakula nini. Nikaishika ile kalamu. Nikairudisha mezani.

"Bwana Dismasi, hiyo daftari mbili nukta sifuri ina uzito gani?"

Shaibu akacheka. "Maza anataka kuipeleka mnadani."

"Nimeuliza uzito."

Mwanaidi akabonyeza, hana hamu. "Mia mbili kumi na mbili. Kwa nini?"

"Na ile ya zamani, moja nukta nne, ilikuwa na uzito gani?"

Hakuna aliyejua. Wataalamu watatu. Nikasema mimi. "Mia mbili kumi na mbili. Mizani themanini na nane. Tarehe arobaini na moja. Chapisho mia tano na sita. Mlinisomesha wenyewe, mkicheka. Angalieni kama nimekosa hata moja."

Mwanaidi akaangalia. Aliangalia moja, ya pili, ya tatu, na kadiri alivyokuwa anashuka ndivyo shingo yake ilivyokuwa inapanda. "Haiwezekani," akasema polepole. "Mpya imeongezwa kazi kumi na kitu. Haiwezi kulingana na ya zamani sawasawa." Faili la jar ni kifurushi, unaweza kukifungua ukaona kilichomo, na ndani kabisa kuna kijifaili kidogo cha kutaja kifurushi ni cha vesheni gani, kule mwenye kubadilisha jina la nje huwa hafiki. Akakifungua. Sote tukainama. Moja nukta nne.

Shaibu akasema, "Aa, labda kule Dar walichanganya." Nikasema, "Ulilifuta kwa mkono wako, siku ya viatu vipya, mimi niko kwenye stuli. Ukaniagiza chai ya tangawizi."

Nilitegemea watamgeukia yeye. Mwanaidi alinigeukia mimi. Uso wake siwezi kuusahau. "Ulijua tangu Alhamisi ile?"

"Nilijua."

"Umeniona naivunja Java na kuijenga upya. Umeniona silali. Na ulikuwa unaniletea chai?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza wewe?" akasema, kisha akajisikia alivyosema. Bwana Dismasi akaichana ile barua vipande viwili, akaviweka mfukoni, asije mtu akavisoma. Pole hakutoa. Aliniambia tu, "Kuanzia leo chai iishie verandani." Shaibu akatumwa Dar es Salaam usiku ule ule na safari hii akaileta daftari ya kweli, mia tatu na tisini, bildi ikafaulu, gari la salfa likafika siku nne baadaye na kila Issa Hamisi akapata mfuko wake. Ripoti ikaandikwa. Mwaka ulipoisha tukasomewa mkutanoni, na katika ripoti ile aliyeligundua kosa la laibrari alikuwa Shaibu Mtopela. Watu wakampigia makofi. Akasimama, akainama kama bwana harusi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la soda. Tangu siku ile nimembeba Shaibu kifuani kama jiwe la kusagia. Nimemwona akipanda cheo, nimemwona na gari, nikasema huyu alilifuta jina langu kama alivyoifuta ile moja nukta nne, na akaandika lake juu. Kwa chuki hiyo nilijifunza kusoma vizuri. Nilianza mwaka ule ule, na vitabu vya mjukuu, ili siku nyingine barua ikija nisisomewe na mtu. Kwa hiyo haya ninayoandika, ni yeye aliyenifundisha kuyaandika, na shukrani simpi.

Pale Malolo, kabla ya jeneza kuinuliwa, Athumani akauliza kwenye kipaza sauti kama inavyoulizwa. "Ndugu zangu, mnamsamehe?" Uwanja ukajibu, "Tumemsamehe." Mara tatu. Wanawake wote uani wakaitikia. Mimi nilifunga mdomo mara zote tatu, na nikahakikisha jirani yangu ameona. Wanaume wakaondoka na maiti, sisi tukabaki, wakati wa chakula ukafika, na mwanamke mnene mwenye miwani akaja kukaa kwenye mkeka wangu na sahani yake. Sikumtambua mpaka alipoanza kula bila kuinua macho.

"Hukuitikia," Mwanaidi akasema.

"Na sitaitikia. Umesikia yale waliyosoma? Mpaka kaburini amekwenda na jina langu."

Akatafuna kwa muda mrefu tonge ambalo lilikuwa wali tu. "Hakulichukua yeye, Mama Somoe. Ile ripoti niliiandika mimi."

Nikaweka sahani chini.

"Shaibu aliniambia niandike ukweli," akasema. "Alikuja kabisa, ana haya, akasema mwandike Maza. Nikaandika jina lako. Nikalitazama. Halafu nikalifuta, nikaandika la kwake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulinitazama siku zote zile, na birika mkononi."

Kule mbali tuliwasikia wanaume wakirudi kutoka makaburini, wanazungumza ya mvua. Nilikaa nikimtazama huyu mtu mzima mwenye mvi, ametoka Lindi, miaka yote hii, na nikajaribu kumtoa Shaibu kifuani na kumweka yeye mahali pake, na jiwe lile likawa halitaki kusogea, limezoea umbo la mtu mwingine. Basi nikasema, kwa sauti, nimechelewa na niko peke yangu, "Nimemsamehe." Wanawake wa mikeka yote wakageuka.

Mwanaidi alikuwa ameacha kula. Aliniangalia, mkono una wali, anangoja nimtamkie na yeye.

Nikachukua sahani yangu, nikala mpaka ikaisha, nikaenda kunawa.